Msitu wa kijiji unakatwa usiku, kamati ipo kwa jina tu. Tuanzie wapi?

Kijana wa Zigi ameuliza:

Wanajamvi habari za majukumu, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi natokea kijiji kimoja cha Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, upande wa vijito vinavyoingia mto Zigi. Kijiji chetu kina msitu wake. Sizungumzii hifadhi ya Amani, ile ni ya serikali na ina askari wake. Nazungumzia kilima kilicho juu ya shule yetu ya msingi, ambacho wazee walikitenga mwaka 2006 wakati kuna mradi. Bango la bati bado lipo pale njia panda, limekula kutu hadi jina la msitu halisomeki. Chanzo cha maji yetu ya mserereko kiko humo humo.

Tangu masika ya mwaka jana wanaingia watu na chenso, ile misumeno ya injini. Zamani wapasua mbao walikuwa wanachimba shimo, wanavuta msumeno wawili wawili, mti mmoja unawachukua siku tatu nne, ukitaka kuwakuta unawakuta. Sasa hivi mvule unalala saa nne usiku, alfajiri mbao ziko juu ya bodaboda zinashuka.

Wiki mbili zilizopita bomba lilianza kutoa maji kidogo, nikapanda na mdogo wangu kukagua. Chujio la chanzo lilikuwa limezibwa na unga wa mbao, umelowa na kushikamana kama uji wa jana. Tukafuata kijito juu, tukakuta kisiki. Mimi na mdogo wangu tulishikana mikono kukizunguka, hatukufika hata nusu. Utomvu mweupe ulikuwa bado unatoka. Mdogo wangu alikaa chini hakusema kitu, na mimi pia nilikosa la kusema.

Kamati ya maliasili ilikuwa na watu kumi na wawili. Mmoja amefariki, watatu wamehama, mwenyekiti anasema hawana buti wala posho. Watu wanaona mbao zinapita na wananyamaza. Tajiri wa mbao anajulikana kwa jina na kwa nyumba yake. Vijana wenzangu wanataka tuwavizie tuchome pikipiki zao, maana wanaoziendesha wengi ni wageni. Baba anasema tuiachie serikali ichukue msitu wote yaishe. Mama zetu wanakataa, wanasema serikali ikiingia tutapoteza iliki zetu za humo msituni, kama watu wa Derema serikali ilipochukua eneo lao.

Naomba kujua kutoka kwa waliopitia hili, siyo nadharia. Kijiji kilichokata tamaa kinarudishwaje kwenye msitu wake?

---

Mti Mkavu amejibu:

Pole mkuu. Usijipe kazi isiyo yako. Piga simu kwa afisa misitu wa wilaya na watu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, wape siku na saa, waje na gari wawakamate. Mbao hazina alama ya nyundo ya serikali, hazina hati ya kusafirishia, hapo hawana pa kutokea. Hawa watu wana mapanga. Wewe una familia.

---

Bi Katibu amejibu:

Marahaba mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, maana hicho kisiki chenye utomvu nakijua. Chetu kilikuwa na siafu wameanza kupanda juu yake.

Nilikuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu miaka tisa, huku huku milima ya Tanga. Kijiji sitakitaja, kwa sababu nitasema mambo ya watu ambao mpaka leo tunasalimiana.

Mti Mkavu amesema piga simu, na ni kweli piga. Lakini gari likija litakamata mara moja, na siku inayofuata halipo. Aliyepo kila siku ni mama anayeokota kuni na mtoto anayetega ndege. Swali lako la kujiuliza ni kwa nini mama huyo ameona kisiki na amenyamaza.

Nikueleze kwetu walinyamazaje. Mwaka mmoja tulikamata mbao sitini na nne za mbili kwa sita. Wapasuaji walikimbia, mbao zikabaki mlimani, mvua inanyesha. Tukapiga mbiu, watu wakapanda kuzishusha kwa kichwa, wanawake tukiwa wengi kuliko wanaume. Kuna mama alibeba mbao nne, safari nne za kupanda na kushuka utelezi, bega lake likachubuka mpaka kanga ikagandana na kidonda. Mbao zikapigwa mnada. Ulipofika mkutano mkuu wa kijiji, hesabu ya msitu ikawekwa ajenda ya mwisho, jua limezama, watu nusu wameshaondoka. Kiongozi mmoja akasimama akasema fedha zimetumika katika shughuli za maendeleo, basi. Yule mama akauliza, “Maendeleo gani?” Akaambiwa akae, muda umekwisha.

Akakaa. Na kijiji kizima kikakaa naye. Miaka mitatu iliyofuata hatukupokea taarifa hata moja. Doria tulikwenda, tuliandika majina, hatukukamata mtu. Chenso tulikuwa tunaisikia upande wa pili wa bonde, tukifika tunakuta maganda. Mtu alikuwa anawapigia simu kwamba tumetoka. Nilikasirika sana na watu wa kijiji changu wakati ule, nikawaita wasaliti. Nilichelewa kuelewa kwamba walikuwa wametujibu lile jibu tulilompa yule mama.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujatafuta buti wala tochi, tafuta daftari la stakabadhi. Ulizia faini na mbao zilizokamatwa tangu 2006 zilikwenda wapi. Uliza kwa adabu, lakini mbele ya watu. Kama majibu hayapo, mkutano uyasikie hayo hayo kwamba hayapo. Kisha kamati ichaguliwe upya na mkutano mkuu. Isiteuliwe ofisini.

Sisi tulipoanza upya tulikubaliana mambo machache tu. Hesabu ya msitu ni ajenda ya kwanza, kabla ya salamu za mgeni yeyote. Inasomwa shilingi kwa shilingi, jina la aliyelipa na kosa lake, halafu inabandikwa ukutani kwa mtendaji. Sanduku lina kufuli mbili, funguo moja kwa mweka hazina na nyingine kwa mama asiye na ndugu kwenye halmashauri ya kijiji. Tulimchagua yule yule wa kidonda cha bega.

Taarifa ya kwanza ililetwa na jirani yangu, tukiwa bombani tunasubiri maji. Alisema pole pole, ananitazama usoni, “Katibu, kuna nguzo kumi na nne zimekatwa mbichi, ziko nyuma ya nyumba ya mtoto wa kaka yako.” Alijua anamwambia nani. Wote pale bombani walijua. Nikaacha ndoo yangu kwenye foleni nikaenda. Nguzo zilikuwa pale, amezifunika majani ya migomba. Nikamwandikia faini kwa mkono wangu, na kwenye mkutano nikasoma jina lake kwa mdomo wangu, na jina la baba yake ambaye ndiye kaka yangu wa tumbo moja. Alilipa kwa awamu mbili. Kaka yangu hakuja kwangu Idi ile, na mimi nilipika nikamtumia sinia likarudi limefunikwa vile vile.

Usiku wa siku ya mkutano walinigongea watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Wote walikuwa na taarifa.

Sasa mambo ya sheria, maana hapa watu wengi huumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu kwenye ardhi yake na kuusimamia. Lakini mamlaka hayo yanakaa kwenye karatasi. Tulimpeleka mtu mahakama ya mwanzo na ushahidi wote, hakimu akaomba sheria ndogo. Tukampa. Akageuza ukurasa wa mwisho akauliza muhuri wa halmashauri ya wilaya uko wapi. Haukuwapo. Sheria ndogo ilipitishwa na mkutano wa kijiji, haikuwahi kufika kwenye baraza la madiwani, mradi ulikuwa umekwisha na gari la mradi limeondoka. Mtuhumiwa alitoka mahakamani akatupita anapiga mluzi. Kwa hiyo tafuta karatasi zenu za 2006: muhtasari wa mkutano uliotenga msitu, ramani ya mipaka, mpango wa usimamizi, na sheria ndogo yenye muhuri wa wilaya. Kama muhuri haupo, hiyo ndiyo safari yenu ya kwanza, kabla ya doria yoyote.

Kuhusu Derema, waambie mama zako wana haki ya kuogopa, ila ni mambo mawili tofauti. Derema ilikuwa ushoroba wa kuunganisha misitu, ukaingizwa katika hifadhi ya serikali, na iliki za wakulima zaidi ya elfu moja zikahesabiwa shina kwa shina ili walipwe fidia. Msitu wa kijiji unabaki wa kijiji. Anayepanga iliki ifanywe nini ni mkutano wenu wenyewe.

Na hilo la iliki msilikwepe, kwa sababu chenso inasikika lakini iliki haina kelele. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo mkulima anaacha miti mikubwa na kufyeka yote ya chini. Ukisimama barabarani unaona msitu mzuri. Ukiingia ndani ukainama, huoni mche hata mmoja wa msambu wala wa mvule, ni iliki tupu mpaka kijitoni. Miti ile mizee ikianguka hakuna mtoto wa kushika nafasi. Na iliki ikichoka, mtu anakata vivuli anapanda mahindi. Sisi tuliwaandika wote waliokuwa na iliki ndani ya mpaka, mashamba ishirini na moja, tukakubaliana wavune iliyopo mpaka ife, wasipande nyingine, na wasifyeke miche ya miti. Ilituchukua mikutano mitano. Wawili walikataa, na mmoja wao bado anakataa hadi leo.

Kuni tuliweka Jumanne na Jumamosi, kuni kavu zilizoanguka. Siku hizo mbili msitu mzima una macho.

---

Mbeba Sukari amejibu:

Bi Katibu, shikamoo. Nimejifunza.

Naomba niongee na ndugu yetu kuhusu zile pikipiki mnazotaka kuchoma. Mwaka 2007 nilikuwa nasoma Kampala. Serikali ya Uganda ilitaka kutoa kama hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa kampuni ya sukari ilime miwa. Mabira ni msitu wa mvua, karibu hekta elfu thelathini, upo kati ya Kampala na Jinja, ukipita na basi unasikia ubaridi unaingia dirishani kabla hujauona. Watu walikasirika. Ujumbe wa simu ulizunguka tusinunue ile sukari. Pale tulipopanga chumba tulikunywa chai na asali, na mwenye duka wa mtaa akaacha kuileta kabisa kwa sababu haitoki. Hiyo ilikuwa nguvu halali na kila mtu aliiweza, mpaka bibi wa jirani ambaye Mabira hajawahi kuiona.

Aprili yakafanyika maandamano. Yalianza vizuri, yakageuka. Watu waliuawa siku ile, na mmoja wao alikuwa Mhindi aliyekuwa anapita na pikipiki yake. Aliuawa kwa sababu tu wenye kampuni walikuwa na asili kama yake. Nilikuwa mtaa wa pili kutoka pale. Mpaka leo nikisikia watu wanasema “wageni hawa, tuwachome”, tumbo linanivuta.

Mpango ule ulisimamishwa Oktoba mwaka huo huo. Msitu uliokolewa na watu wengi waliokataa kwa pamoja: sukari isiyonunuliwa, wabunge, viongozi wa dini, ufalme wa Buganda, wanasayansi. Damu ya yule mtu haikuongeza kitu. Ndugu yangu, wabebaji hao wa bodaboda ni vijana kama ninyi. Msianze nao kwa moto.

---

Mwana wa Kilwa amejibu:

Mimi nitasema jambo moja ambalo Bi Katibu hakuligusa. Ulinzi bila mapato unachosha watu. Kwetu Kilwa vijiji kama Kikole na Kisangi vilitenga misitu, vikapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, mwaka 2009, vikiwa vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Wakauza mpingo kwa bei ambayo zamani mwanakijiji hakuijua. Kabla ya hapo gogo la mpingo lilikuwa linaondoka kijijini kwa hela ya chumvi. Kijiji kikiuza chenyewe kutoka msitu wake halali, fedha inabaki kijijini, na mtu anayeiba gogo anakuwa ameiba dawati la mtoto wako. Hapo huhitaji kumhimiza mtu alinde.

Msitu wenu hauna mti wa kuvuna kwa mpango?

---

Bi Katibu amejibu:

Mwana wa Kilwa, asante, na hongereni sana kwa kazi hiyo. Ila msitu wa miombo wa kwenu na msitu wa mvua wa kilima chenye chanzo cha maji haviendi pamoja. Huku mteremko ni mkali. Ukiangusha mti mkubwa unashuka na kipande cha mlima. Kijana akiwaambia watu wake wavune mbao pale juu ya shule, ninamwogopea.

Mapato ya huku ni ya namna nyingine. Wapo wanaookota mbegu za msambu. Tunda lake ni kubwa, la kahawia, linaanguka lenyewe, unalivundika chini ya majani mpaka lilainike ndipo unakamua mbegu, na mbegu zinauzwa kwa kilo kwa ajili ya mafuta. Mwenye kuokota msambu hataki msambu ukatwe. Karibu na Amani wapo waliofuga vipepeo na kuuza pupa zinasafirishwa Ulaya na Marekani, wanawake wengi walisomesha watoto kwa vipepeo, mpaka mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai ulipozuiwa na vipepeo wakaingia humo humo. Siku moja tu biashara ikafa. Ndiyo maana sipendi kumwahidi mtu mapato. Kijiji kilicholinda kwa ajili ya fedha peke yake, fedha ikikatika kinaweka mikono mfukoni.

Lakini maji hayakatiki soko. Zigi ndiyo inayojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo Tanga mjini. Wakulima wa bonde la Zigi na Kihuhwi wana umoja wao, UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga imefanya nao kazi kwa sababu matope ya huku juu ni gharama ya kusafisha maji kule chini. Mwanangu, ulizia kama kijiji chenu kimo katika umoja huo. Nguvu yenu haiishii mpakani mwa kijiji.

---

Kijana wa Zigi amejibu:

Wakubwa wangu asanteni, sikutegemea kupata majibu ya hivi. Mbeba Sukari, nimewasomea vijana wenzangu ulichoandika, tukiwa kijiweni. Yule aliyekuwa na petroli kwenye chupa ameirudisha kwenye pikipiki yake mwenyewe. Hatuchomi.

Mama Katibu, shikamoo tena. Nilikwenda kwa mtendaji kuomba karatasi za 2006. Kabati lilikuwa na mchwa, muhtasari umebaki nusu, majina ya waliohudhuria yameliwa. Nikaenda kwa mzee aliyekuwa mtendaji wakati ule. Akaingia ndani akatoka na bahasha iliyofungwa kwa nailoni, akaniambia, “Nimekaa na hii miaka yote nikisubiri mtu aulize.” Sheria ndogo imo, na muhuri wa halmashauri ya wilaya upo ukurasa wa mwisho. Nilitoa machozi, sioni aibu kusema.

Daftari la stakabadhi halijulikani lilipo. Mkutano mkuu umeitishwa, na mwenyekiti wa kijiji amekubali msitu uwe ajenda ya kwanza.

Tatizo limebaki moja. Yule tajiri wa mbao ana shemeji yake kwenye halmashauri ya kijiji, na watoto wa nyumba nyingi wanapata hela ya kubeba mbao zake. Nikimtaja kwenye mkutano nusu ya watu watainamisha vichwa. Ninyi wa kwenu mlimfanyaje?

---

Bi Katibu amejibu:

Marahaba mwanangu. Hiyo bahasha itolewe nakala tano leo hii, si kesho, na ya asili irudi kwa huyo mzee. Mtu aliyeitunza peke yake miaka yote hiyo aendelee kuitunza. Na siku ya mkutano mpeni kiti mbele.

Wa kwetu hatukumtaja jina. Tulisoma hesabu. Mjumbe mmoja wa kamati alikwenda Tanga kuuza machungwa, akapita kwenye yadi za mbao akaulizia bei ya mbili kwa sita ya mvule kama mnunuzi. Akarudi nayo kwenye kipande cha karatasi. Kwenye mkutano tukasoma: mbao moja inauzwa mjini kiasi hiki, kijana wetu aliyeibeba usiku kutoka mlimani amelipwa 3,000, kijiji kimepata sifuri, na chujio la maji tumelizibua mara tatu mwezi huu kwa mchango wa kila kaya. Tukanyamaza. Hatukuongeza neno. Nilikuwa nawaona akina mama wanageuka kuwatazama watoto wao wa kiume waliosimama nyuma kwenye ukuta wa shule.

Baada ya pale wabebaji walianza kukosekana, mmoja mmoja. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine ana msiba. Kuna mzigo ulikaa mlimani wiki mbili, mbao zimeanza kuota ukungu mweupe pembeni, hakuna wa kuushusha, na kamati ikaenda kuuchukua mchana kweupe bila kukimbizana na mtu. Tajiri bila mabega ya vijana wetu hawezi kutoa hata ubao mmoja kule juu.

Ila nikwambie ukweli wote. Aliacha kwetu, akahamia kijiji cha jirani. Ng'ambo ya kijito, msitu ule ule mmoja, mpaka ni alama za rangi kwenye miti tu. Tulikaa tunaisikia chenso upande wao na wengine wetu wakasema hayatuhusu. Mimi pia nilichoka, sikusema kitu msimu mzima. Kijito kikaleta unga wa mbao kwetu kana kwamba hatukufanya kazi yoyote. Ndipo tukawaandikia wenzetu barua, tukaenda kwao watu saba na daftari letu, tukawasomea jinsi tunavyoandika. Sasa doria ya mpakani tunakwenda pamoja, na walinzi wanaolala mlimani wanatoka pande zote mbili. Kwa hiyo usisubiri kama tulivyosubiri sisi. Waalike jirani zenu kwenye huo mkutano wa kwanza, hata kama ni wawili tu, wakae wasikilize.

Na shemeji wa tajiri, mwacheni kwenye halmashauri. Akiomba kuwa kwenye kamati, mkutano ndio umkubali au umkatae, kwa kunyoosha mikono, na mikono ihesabiwe.

Daftari nunueni kubwa, lile la kurasa ngumu. Chora mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, kitongoji, alichokutwa nacho, aliyekileta, faini, amelipa au bado, fedha imekwenda wapi. Safu ya aliyeleta taarifa andikeni alama tu, msiandike jina, na alama hizo zijulikane na watu wawili. Sisi mwanzoni tuliandika majina, na mama mmoja kuku wake wote walikufa usiku mmoja.

Safu ya mwisho ifanye pana kuliko zote. Ndiyo watakayokuuliza.

---

Kijana wa Zigi amejibu:

Nimenunua daftari leo Muheza mjini, na rula. Barua ya kijiji cha jirani ameipeleka mdogo wangu. Mkutano ni Alhamisi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Nitarudi kuwaeleza.